Daftari la Ukungu

Kumi na mbili. Sifuri. Thelathini na moja.
Nne. Sifuri. Sifuri. Tisa.

Ndivyo lilivyosomeka daftari la shangazi Tusekile
kule Isongole, ubavuni mwa Rungwe,
alikoachiwa kipimamvua na mradi uliokwisha kuondoka.
Kila saa tatu asubuhi, kitenge mabegani,
huinama, husoma, huandika.
Nilimcheka: "Unahesabu maji yaliyokwisha kunywewa na ardhi?"
Akanijibu bila kuinua kichwa:
"Nawe hesabu lumbesa zilizokwisha kupanda lori."

Tarakimu peke yake ni kiazi kilichong'olewa sasa hivi:
kina udongo mwilini,
hakijui kinakwenda sufuria gani.

Mwaka wa tatu akaongeza safu.
U, kwa asubuhi yenye ukungu.
Msalaba, kwa siku jani la kwanza lilipopata baka.
Halafu usiku mmoja wa Machi, mvua ikitwanga bati,
akavuta taa karibu, akapanga wiki kwa wiki,
akapitisha penseli nyekundu,
na ukurasa ukaanza kusema.

Haukupaza sauti. Ulisema tu:
U, U, U, msalaba.
U, U, jua. Hakuna kitu.
U, U, U, U, misalaba miwili.

Kiswahili kilikuwa kimemnong'oneza tangu mwanzo:
ukungu wa bondeni, ukungu wa jani,
jina ni hilo hilo.
Lakini jina si ushahidi.
Ilibidi ahesabu.

Hiyo ikawa habari. Ujuzi ulikuwa bado njiani.
Ulifika msimu uliofuata,
asubuhi ya pili ya bonde kutoonekana:
hakuligusa daftari,
alichukua bomba la dawa,
akamgongea Ambokile dirisha.
"Usingoje ya tatu."

Ambokile alitaka kwanza chai, kisha usingizi, kisha Jumatatu.
Viazi vyake vilinuka mpaka barabara ya lami.

Daftari sasa ninalo mimi.
Kurasa nyingi nazielewa, hata zile zilizolowa.
Mmoja unanishinda: Mei, wiki ya pili,
U tano mfululizo
na hakuna msalaba hata mmoja.
Pembeni, kwa mwandiko wake mdogo: *Kwa nini?*

Saa tatu imefika.
Nainama.