Mtambo wa Kugonga Ringi

Mwalimu Ndekirwa aliandika ubaoni:
Chagueni kazi nyepesi, muifanye iwe ngumu.
Tukacheka. Kwetu Tandika
kazi huja ngumu zenyewe, hazisubiri kufundishwa.

Tukachagua kengele.
Kengele yetu ni ringi ya lori kwenye mwarobaini,
huigonga mtoto wa darasa la pili
kwa nondo, mkono mmoja,
mkono wa pili una muhogo.

Sasa sikilizeni Sita B tulivyoigonga.

Mshumaa unachoma uzi.
Uzi unakatika, kandambili inadondoka
(ya kushoto, ya kwangu; wiki tatu nilirudi nyumbani mguu mmoja peku),
puu! kwenye ncha ya rula,
rula inarusha gololi,
gololi inateremka bomba aliloiba Mfaume,
samahani, aliloomba Mfaume kwa mjomba wake fundi,
inapinda, inasita, inawaza,
inagonga dhumna ishirini na nane za kijiweni.
Ishirini na saba. Moja ni kipande cha sabuni ya mche.
Zinalala kifudifudi, moja baada ya moja,
kama watoto waliosikia baba anafungua mlango.
Ya mwisho inabonyeza swichi.
Hatua ya saba: feni,
ya kaka yake Sikudhani, kinyozi.
Feni inasukuma kigari cha kopo la maziwa
chenye tanga la mfuko wa nailoni,
kigari kinachomoa msumari ulioziba tundu la ndoo,
mchanga unavuja, ndoo inakuwa nyepesi, inapaa,
jiwe upande wa pili linashuka, linavuta kamba ya dirishani,
na huko nje, nondo:
ngaa!

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye daftari.

Majaribio arobaini na moja.
Yusta alilia mara mbili, mara moja kwa hasira.
Gololi ya kwanza hatujaiona hadi leo.

Ijumaa akaja mkaguzi kutoka wilayani,
Bwana Rwekaza, viatu vinalia,
nyuma yake Mwalimu Mkuu Bi. Mtengeti
amekumbatia kitabu cha wageni.
Mshumaa, uzi, kandambili, puu!
Gololi haikuwaza hata kidogo.
Dhumna zikalala zote, na sabuni nayo ikalala.
Swichi: tik.

Feni ikatutazama.

Umeme ulikuwa umekatika.
Mfaume akavimbisha mashavu apulize kwa mdomo,
Mwalimu akamkata jicho.
"Wazo zuri," alisema mkaguzi,
kwa sauti ya mtu anayemsifu marehemu,
akapelekwa ofisini kunywa soda.

Tukafungua Hesabu. Sehemu, ukurasa wa hamsini na tatu.
Saa nne na dakika tano
nyumba za nyuma ya ukuta zikapiga kelele:
"Umeruuudi!"

Sikudhani aligeuka wa kwanza.
Feni ikakohoa. Kigari kikajikuna, kikaondoka.
Hakuna aliyekizuia, hata Mwalimu,
chaki mkononi, theluthi moja haijamalizika.
Mchanga ukamwagika taratibu,
kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili.

Ngaa!

Mara moja tu. Na mara moja, shuleni kwetu,
maana yake nendeni nyumbani.
Watoto elfu moja na mia mbili wakaenda.
Muuza barafu getini aliishiwa kabla hajaelewa.

"Nani kagonga kengele?" Bi. Mtengeti, mlangoni.
"Nondo, Mwalimu."
"Nondo ilivutwa na jiwe."
"Jiwe liliponzwa na ndoo."
"Ndoo ilitobolewa na Pongwa!"
"Mimi nilitoboa, msumari alichomoa kigari!"
"Kigari kilisukumwa na feni."
"Feni..."

Akasimama Sikudhani,
ambaye tangu darasa la kwanza hujibu "abee" na basi.
"Ni mimi. Niliona swichi iko chini.
Nikaiacha."

Kimya. Bwana Rwekaza, chupa ya soda mkononi,
akachungulia juu ya bega la Mwalimu Mkuu,
akatoa karatasi yake, akakata mstari.
"Hiyo sabuni," akauliza, "ilikuwa ya nini?"

Sikudhani akavuta pumzi,
akaanzia kwenye mshumaa.