Sugu

Kiganja cha kulia cha Baba kina sugu mbili,
moja ya mpini wa koleo, moja ya masanduku,
naye aliziita vyeti vyake.
Ngozi, alisema, ikisuguliwa vya kutosha
huacha kulia.

Nyuma ya ghala letu kule Hillegom
liko lundo la maganda na vitunguu vya tulipu vilivyooza.
Hufuka mvuke alfajiri za Novemba;
mbwa wa akina Kuipers hulala ubavuni mwake.
Kila vuli tulivichovya vitunguu katika dawa ya kuvu,
na vilivyokufa vikarudi lunduni
na dawa yao mwilini, kidogo, kidogo mno:
ya kumfunza adui, si ya kumwua.

Ukungu ulipanda kutoka mferejini.
Ukungu mwingine ulipanda kutoka lunduni.
Wa mferejini ulitoweka saa nne.
Wa pili Baba aliuvuta.

Sasa anakohoa damu kwenye leso ya buluu,
na mimi Jikke, kitinda mimba niliyelikataa shamba,
niko ghorofa mbili chini ya kitanda chake
na kikopo cha makohozi yake.

Cheti cha kwanza kilisema: dawa inafaa.
Kilisema kweli.
Hakikuuliza pafu lina ladha gani.

Nikapanda upya, katika supu mbili.
Ya kwanza kipimo saba, si kali, si chachu.
Ya pili tano na nusu: uchachu wa lundo,
uchachu wa tundu la pafu lililojaa usaha.
Dawa ile ile. Matone yale yale.
Kwenye saba, hakuna kilichoota.
Kwenye tano na nusu, siku ya tatu,
kijani,
kijani cha moshi, laini kama mahameli,
kimejitandika kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka.

Nilimwandikia Daktari Terpstra, nikafuta, nikaandika tena.
Kisha nikapanda ngazi.

Baba alisikiliza macho yakiwa dirishani.
“Udongo ukichacha,” akasema, “tunautia chokaa.
Nyinyi pafu mnalitia nini?”

Sikuwa na jibu. Nikamshika mkono.
Wiki sita za shuka safi:
sugu zake zimelainika,
ile ya koleo imeanza kubanduka ukingoni,
na chini yake kuna ngozi nyekundu, mpya,
iliyoshtuka nilipoigusa.