Wapangaji

Mkutano ulianza saa tisa, Igogo juu,
pale jiwe la Bwire linapotupa kivuli mpaka chooni kwa jirani.
Kijana wa Jiji alikunjua ramani kwenye meza ya chapati,
upepo wa ziwa ukaidaka.
Munubi akachomoa vijiwe vinne ukutani kwake,
akamwekea pembe kwa pembe.
Mawe hatujawahi kumnyima mgeni.

"Wapangaji," alisema, "wamelifikiria hili miaka mitatu."
Tukatazamana. Lini tena?
Kumbe anawataja wenzake wa ofisini.
Neno moja, jamani, lina migongo miwili:
mpangaji aliyeupanga mji,
na mpangaji aliyepanga chumba kwa Nyamumwi,
elfu ishirini na tano, maji ya kuchota,
na dagaa wakikosekana, Nyamumwi hagongi mlango.

Itasimama ghorofa hapa, nyumba themanini.
Na kuna sheria ndogo, mpya, tupige makofi:
kila nyumba tano, moja iwe ya nafuu.
Tukapiga.
Mimi, katibu, nilipiga kuliko wote.

Nyabise muuza mapanki akanyosha mkono, una mafuta bado.
"Hiyo nafuu, shilingi ngapi?"
"Laki na arobaini, mama. Kwa mwezi."
Nikasikia sufuria ya mtu ikichemka huko nyuma.
"Mwanangu, sisi nafuu ni neno la mgonjwa.
Ukisema umepata nafuu hujapona,
ungali kitandani, ila leo umemeza uji.
Sasa huo uji wako,
kijiko kinafika mdomo wa nani?"

Akacheka, kijana wa watu. Hakuwa mbaya.
Jasho lilikuwa limemchora ramani nyingine mgongoni.

Babu zetu walitoka Ukara,
kisiwa kidogo, watu tele,
wakijua kupanga kabla ya neno kuwa na mshahara:
jiwe juu ya jiwe, udongo ukae,
samadi kikapuni, mgongoni, kilimani,
shibiri moja isilale bure.
Walipovuka kuja Mwanza, tambarare ilikuwa na wenyewe.
Wakaachiwa mwamba.
Wakaupanga.
Sasa tunaambiwa mwamba una mandhari,
na mandhari, asubuhi ziwa likiwa jeupe, ina bei.

"Na ngazi yetu ni ipi?" Nyabise tena.
Kidole kikazunguka mchoro, kikapita lango, kikapita maua,
kikatua nyuma, kando ya tangi na mapipa ya taka.
Hakuna aliyesema kitu.
Mtoto wa Chirangi aliuliza kama kutakuwa na lifti.

Nikaandika majina, kalamu ya bluu.
Nyumba za nafuu kumi na sita, kaya sabini na nne.
Munubi alitaka nianze na mkewe,
marehemu, maana ule ukuta ni yeye aliyeujenga.
Nikaanza naye.
Nilipofika kumi na sita kijana akasema, "Inatosha, dada."
Nikaandika kumi na saba.
Akaniita tena, taratibu, kwa cheo.
Nikaandika kumi na nane,
na mkono ulikuwa unatetemeka, sitadanganya,
kwa sababu jina langu lilikuwa la tano.

Jioni alikunja ramani yake, akashuka akiteleza
kwa viatu vile vya lami.
Vijiwe vikabaki mezani.
Munubi akavichukua kimoja kimoja,
akavirudisha ukutani,
kila kimoja kwenye pengo lake.