Vipimo vya Landhi

Kaunti imenituma na utepe wa kupimia,
penseli mbili, fomu yenye muhuri:
pima kabla hatujabomoa.
Bondeni, Nakuru, saa tatu asubuhi,
vumbi jeupe la ziwani linapanda na upepo
likitafuta macho.

Chumba cha kwanza: futi kumi kwa kumi.
Cha pili: futi kumi kwa kumi.
Cha tatu sina haja ya kukipima, ila napima,
maana ni humu mama yangu alizaliwa
nyuma ya leso iliyotundikwa kwa misumari miwili,
upande huu wakwe, upande ule maji ya moto.
Watu tisa. Vikombe vitano.
Walikunywa chai kwa zamu, wakalala kwa zamu,
na aliyekesha stesheni alirudi alfajiri
akakuta godoro lina joto la mwenzake.

Chuoni, mwalimu Obonyo alituchorea ubaoni
mtaa wa Wayahudi kule Venisi, miaka mia tano nyuma.
Kisiwa kidogo. Malango yakifungwa jua likizama,
na mishahara ya walinzi, alisema,
walilipa wale wale waliofungiwa.
Darasa likacheka.
Watoto wakazidi, ardhi haikuzidi,
basi wakajenga kwenda juu, ghorofa mgongoni mwa ghorofa,
dari zikashuka hadi mtu mzima
akawa anavaa joho lake akiwa amepiga magoti.
Sinagogi wakaiweka juu kabisa
ili kati ya sala na mbingu
asipite mpangaji na ndoo yake.
Nilichora vizuri. Nilipata alama themanini na moja.
Sikuikumbuka leso.

Babu yangu Kadenge alibeba mbao
kwenye duka la vyuma la Bwana Feibel,
aliyekuja Nakuru akiikimbia Ujerumani
na sanduku moja na kisu cha kukatia vioo.
Kwenye mwimo wa mlango wake palikuwa na kijaluba cha bati
kilichopigiliwa mshazari.
Babu alidhani fundi alikuwa mlevi.

Usiku mmoja wa mvua, hesabu ya mizigo ilichelewa,
king'ora cha saa nne kilikaribia kulia
na kipande cha babu hakikuwa na ruhusa ya usiku.
Feibel akamrudisha kwa gari.
Akaliona lango. Akaziona safu, milango ikitazamana milango,
mfereji mmoja, bomba moja,
moshi wa watu wote ukitoka kama wa mtu mmoja.
Akalishika kufuli, akaligeuza,
akasoma namba tumboni mwake.
Lilitoka dukani kwake.
Dazeni moja, mwezi wa tatu, risiti ya manispaa.

Kuhusu hilo hakutamka neno. Aliuliza tu:
wangapi mnalala humu?
Tisa.
Akainua macho darini, akakaa hivyo,
kama mtu anayehesabu ghorofa
ambazo hazipo.

Shangazi Rasoa hupenda kuongeza kwamba alilia.
Babu hakuwahi kusema hivyo, nami siandiki.
Duka liliendelea kuuza makufuli.
Babu aliendelea kuyabeba.

Ninalowaza, nikiwa nimechuchumaa na utepe, ni hili:
kule maji yaliwazunguka, wakapanda.
Hapa nchi ilikuwa wazi hadi mabega ya Menengai,
ngano, pareto, ng'ombe wa mtu mmoja
wakilala walivyopenda,
na bado kuna mkono ulioshika rula
ukasema: kumi kwa kumi, inatosha.

Lango halipo sasa. Nguzo moja imesalia,
na pete ya kufuli, nyekundu kwa kutu.
Mtu ameifunga kamba ya kuanikia:
sare mbili za shule, shuka la maua, soksi isiyo na pacha.
Kimo cha kamba, futi nne na nusu.
Nimekiandika, ingawa hakikuulizwa.
Kisha nikainama, nikapita.