Mizani Kumi na Sita

Masika hii nina shule nne na jozi moja ya mabuti.
Jumatatu Uru, Jumanne Kibosho, Jumatano Mbokomu,
Alhamisi narudi Uru kwa wale wa darasa la tano
waliokosa kipindi siku daraja la magogo lilipokwenda na maji.
Ijumaa nafua. Hazikauki.
Chaki zimelainika mfukoni kama ndizi za kuiva,
na sauti yangu, kufika Alhamisi, ni ya chura.

Mwalimu Ndesario alinipa saa moja:
"Nusu ushairi, nusu mazingira. Usizidishe."
Sikuona pa kukata.
Nikawapeleka mfongoni.

Tulikaa ukingoni, juu ya majani ya migomba,
kila silabi punde la haragwe linatumbukia:
*Maji toka mlimani,* (nane, vuta pumzi)
*yasalimu kila shamba.* (nane, maharagwe yamekwisha)
Elinami akasema, mfongo wenyewe mbona hauhesabu?
Unahesabu, nikamwambia.
Kwenu mnafungua alfajiri, saa nne mnafunga,
jirani anafungua. Mkizidisha, ugomvi.
Akatafakari. "Kumbe mama alizidisha mizani juzi,
ndiyo maana alirushiwa jembe."

Aikande alitafuta kina cha kinyonga.
Akapata *kunyonga*, akakikataa:
yule wa pembe tatu hajamkosea mtu.
Juma zima alikaa na shairi bovu.
Akarudi na *mringaringa*,
akampandisha kinyonga wake humo, juu kabisa,
ambako hata mimi sikumwona tena.

Nakijwa hakuandika kitu. Wiki tatu.
Alichora tu mkaratusi ule ulio juu ya chemchemi,
mizizi mirefu kuliko shina,
na chemchemi ndogo, kama sarafu imedondoka.
Ya nne akaniletea karatasi imekunjwa mara sita:

*Mkaratusi hulewa, kama baba Jumamosi.*

Nilihesabu. Nane. Nane.
Darasa likacheka, kisha likanyamaza lote kwa pamoja,
maana kijiji ni kidogo na Jumamosi zinajulikana.
Nilitaka kusema: neno zuri hilo, lakini.
Sikupata cha kuweka baada ya lakini.

Mwezi wa tano, siku ya wazazi, tukaanika mashairi
kwa vibanio vya nguo, dirisha hadi dirisha.
La Nakijwa nililiweka mwisho, nyuma ya mlango,
nusu kwa woga, nusu nyingine sitaisema.

Baba yake alikuja. Ilikuwa Jumamosi.
Kofia mkononi, inachuruzika.
Alisoma ya watoto wote, hata ya wasiojua kuandika,
akachelewa kwa kinyonga, akatabasamu.
Akaingia nyuma ya mlango.

Nilimsikia kabla sijamwona:
m, ka, ra, tu, si.
Kidole kwa kidole. Akaishiwa vidole,
akarudi kwenye cha kwanza.

"Kumi na sita," akasema.
"Kumi na sita."
"Haikuzidi."
"Haikuzidi, mzee."
Alitazama kile kidole cha sita
kana kwamba kina mtu nyuma yake.
Kisha akavaa kofia na kutoka mvuani,
na njia ya pale shuleni inagawanyika getini:
chini kwa mama muuza mbege,
juu kwenye chemchemi.
Migomba ilinikinga. Sikuona.

Nakijwa alikuwa anabandua karatasi yake.
"Nyumbani nitaiongeza beti," akasema, "haijaisha."

Leo Ijumaa. Mabuti yamegeuzwa juu chini barazani.
Tangu Machi sijaandika shairi langu hata moja;
nina nusu ya mstari tu, inanifuata vilima vyote,
nane zake zimetimia, mwenzake hajaja:

*Nimelowa hadi jina,*