Mkate Bila Chumvi

Asger alikuwa na miaka kumi na minne
siku ya kipaimara, suti ya kuazima, tai imemkaba,
mjomba Torben akamtia bia mkononi
kama mtu amkabidhiye kijana funguo za nyumba.
Tukapiga makofi. Nami nilipiga.
Hapa Struer baridi ikibisha hodi Oktoba
haiagi hadi Aprili,
na kijana asiyekunywa huulizwa kama anaumwa.

Msidhani alikuwa mtoto wa hivi hivi.
Ratiba ya treni zote za Jutland aliijua kwa kichwa.
Bibi akimjaribu, kijitabu mapajani,
akimvizia akosee;
hakosei.
"Kichwa sumaku," bibi alisema,
"ukitupa sindano humo haifiki chini."

Kisha Ijumaa zikarefuka.
Nyuma ya ukumbi wa mpira wa mikono
kreti moja, vijana wanne,
halafu vodka ya rangi ya pipi, tamu ya kitoto.
Jumamosi mama: mwache alale.
Jumapili: amelala.
Jumatatu anashuka ngazi
na uso wa duka lililofungwa.

Alivunja kikombe
kwa sababu kijiko kililia ndani yake.
Alilia yeye, kwa sababu ya kikombe.
Tukasema ni ujana. Neno hilo, ujana,
tulilifunika juu ya kila kitu
kama kitambaa juu ya ngome ya ndege ili anyamaze.

Usiku mmoja wa Februari hana kabisa.
Walimkuta kando ya reli, kiatu kimoja, theluji kwenye nyusi.
Asubuhi akaniuliza, akitazama ukuta:
"Jana nilifurahi?"
Nikamwambia ndiyo, ulicheka sana.
Sikuwapo.

Daktari Vibeke alichora kichwa nyuma ya bahasha.
"Hapa, nyuma ya paji la uso, ndipo panapoiva mwisho.
Hata akitimiza ishirini bado pako jikoni.
Na hapa ndani, hiki kama kidole kilichojikunja,
ndipo siku zinapohifadhiwa.
Pombe nyingi mapema hivi hukinyima kukua."
Mama akauliza, kitarudi?
Daktari akaizungusha kalamu.
"Ubongo mbichi huumia upesi, na hujitibu pia.
Kiasi gani, sijui. Mwanzo aache."

Aliacha. Haikuwa mara moja, wala kwa uzuri.

Sasa ana ishirini na mitatu, anaoka mikate
saa tisa za usiku, mji mzima ukiwa umelala.
Mkononi ameandika kwa kalamu ya wino:
chumvi, chumvi, chumvi,
tangu ile asubuhi mikate mia na arobaini
ilipotoka mizuri, imeumuka, ina rangi ya asali,
na ladha ya hewa.
Bi Kirkegaard aliununua wake, akaumaliza, hakusema neno.

Huzuni nayo haikuondoka na chupa.
Ilikuwa mpangaji tu;
mwenye nyumba kahama, mpangaji kabaki na ufunguo.
Huingia bila hodi, hata siku ya jua,
humkalisha juu ya gunia la unga
dakika kumi, ishirini,
halafu saa ya tanuri hulia, naye huinuka.
Huinuka. Hilo nalihesabu.

Jana nilimpelekea kijitabu cha bibi.
Hakukifungua. Akapangusa mikono, akafumba macho:
"Struer. Hjerm. Holstebro..."
Tanuri likavuma.
Jina lililofuata lilikuwa ulimini mwangu,
nikalibana kwa meno.
"Vildbjerg," akasema. "Herning."
Akatabasamu, kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Sikumsahihisha.
Treni ikapita Aulum bila kusimama,
na pale jukwaani, kwenye baridi,
mvulana mwenye tai ya kuazima
aliinua mkono
akaushusha.