Fomu ya Urubani

Fomu i juu ya meza, kalamu imekauka,
Mama ataka kuuza kile kiwanja cha kaka,
Saumu aniuliza, "Ndege gani zitaruka?
Hoteli zote zafungwa, wageni hawaji tena."

Kombo, rubani kamili, namkuta Kongowea,
Kilo mbili, kilo mbili, viazi awapimia,
Saa yake ile ghali bado hajaiachia;
Nikamwuliza ya ndege, akanijibu, "Ya jana."

Miaka miwili kozi, na njaa ina msimu.
Usiku, juu ya ngazi, nasikia yenye zamu;
Magongo, bati la juzi latetemeka kwa hamu.
Napulizia kalamu: yaandika nusu jina.